Kitabu cha Mtoto Hupimwa kwa Sikio

Mwalimu anayenijia kutafuta vitabu vya hadithi huwa anataka orodha. Nimwandikie majina kumi au kumi na matano kwenye karatasi, ampelekee mwalimu mkuu, fedha ikipatikana vinunuliwe. Namwelewa kabisa. Darasa lake la pili lina watoto zaidi ya mia, andalio la somo la kesho bado halijaandikwa, na madaftari ya leo yamejaa mezani yakisubiri kusahihishwa. Hata hivyo orodha siitoi mwanzoni. Kwanza namwomba akae, kisha namuuliza.

Watoto wako wakiwa nyumbani wanazungumza lugha gani? Wangapi wanaweza kusoma hadithi ya ukurasa mmoja bila kusaidiwa, wangapi wanaishia kwenye aya, wangapi kwenye maneno, wangapi bado wako kwenye silabi? Nakala zitakuwa ngapi? Vitabu vitakaa wapi, na ufunguo ataushika nani? Na wewe mwenyewe, mwalimu, ni hadithi gani uliyosimuliwa utotoni ambayo mpaka leo ukianza kuisimulia huwezi kuiachia njiani?

Ngazi ile ya silabi, maneno, aya na hadithi nimeiazima kwa Uwezo, tathmini iliyopita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda kupima kama mtoto anaweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ni ngazi rahisi. Mwalimu anaweza kuipima kwa karatasi moja, akimwita mtoto mmoja mmoja chini ya mti wakati wengine wanaandika. Swali la mwisho walimu wengi hulichukulia kama maongezi ya kupitisha muda. Mimi ndilo ninalolijali kuliko yote.

Nilifundisha darasa la kwanza na la pili mkoani Dodoma kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kuwasaidia walimu wa shule za msingi kuchagua vitabu vya kusoma na kuvitumia. Mjini, hasa tangu serikali ihamie, dawati moja linaweza kukaliwa na Mgogo, Mrangi na Mchaga, na Kiswahili ndicho wanachogombania mpira. Ukitoka kuelekea vijiji vya Bahi au Chamwino, utamkuta mtoto anayeanza shule akiwa na Kigogo kilichokamilika na Kiswahili cha salamu. Watoto hawa wawili hawawezi kupewa kitabu kimoja siku moja. Wa kijijini si mzito wa kuelewa, hata kidogo. Anachohitaji ni kukisikia Kiswahili kwanza, kingi, kizuri, kikisomwa na mtu mzima huku picha ikimwonyesha kinachotokea. Mwalimu wa darasa la namna hiyo simpi vitabu vya mtoto kujisomea katika muhula wa kwanza. Nampa vya kusomewa, vyenye picha kubwa, na namwomba asome kimoja mara nyingi mpaka watoto waanze kumtangulia.

Sasa kitabu kizuri cha kusomea watoto nakitambuaje? Nakisoma kwa sauti. Nasimama, nakishika kama nitakavyokishika mbele ya darasa, nasoma kurasa tatu za mwanzo. Macho yangu hudanganyika kwa urahisi: karatasi inayong'aa, rangi za kupendeza, jalada lenye msichana anayecheka. Sikio halidanganyiki upesi hivyo. Nikijikuta navuta pumzi mahali pasipostahili, au narudi nyuma kusoma sentensi upya ili niielewe, kitabu hicho kina tatizo, hata kama kimechapishwa vizuri namna gani.

Vitabu vingi vya watoto vinavyotufikia kwa Kiswahili vimetafsiriwa, na vingi vimetafsiriwa kwa haraka. Maneno ni ya Kiswahili, sarufi haina kosa, lakini hakuna bibi yeyote kuanzia Mpwapwa hadi Pemba anayesimulia hivyo. Alama ya kwanza ninayoitafuta ni vitenzi. Mtoto aliyewahi kukaa jikoni jioni anajua hadithi inavyotembea: akaondoka, akafika, akabisha hodi, akakaribishwa, akaketi. Kitenzi kinamvuta mwenzake, na msikilizaji anavutwa nacho. Kitabu kilichotafsiriwa vibaya kitakwambia: Juma aliondoka nyumbani. Juma alifika sokoni. Juma aliona mbuzi. Juma alikuwa na furaha sana kuhusu mbuzi. Kila sentensi inasimama, na mtoto anasimama nayo. Akimaliza ukurasa amesoma sentensi nne, lakini hadithi hajaisikia, na ukimuuliza nini kimetokea atakurudishia sentensi ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyobaki mdomoni.

Alama ya pili ni sauti. Kiswahili kimejaa tanakali, na watoto wanazipenda mno: mtu anaanguka pu, jiwe linatumbukia majini chubwi, usiku unakuwa giza totoro, nguo inakuwa nyeupe pepepe. Mwandishi anayejua watoto huziweka mahali ambapo darasa zima linaweza kuitikia. Nimeona mtoto ambaye tangu Januari hajatamka neno mbele ya wenzake akipiga kelele ya chubwi kabla mwalimu hajafika pale. Huo ni mwanzo wa kusoma. Mtoto huyo ametazama ukurasa, ametambua neno linalokuja, na amelitamka mwenyewe.

Alama ya tatu ni vitu vilivyomo na majina yake. Kitabu kutoka Kenya kinaweza kuwa bora kabisa, lakini darasa la Dodoma likisomewa kwamba Neema anakwenda kumtembelea nyanya yake, watoto wataitafuta nyanya kwenye picha na wataona bibi kizee. Matatu na shule ya upili nayo yanahitaji mwalimu aliyejiandaa. Hilo halinizuii kupendekeza kitabu cha Kenya. Namwambia tu mwalimu maneno matatu au manne ya kuyatamka kwanza ubaoni, basi.

Nieleze pia kuhusu viwango, maana walimu wengi wa kata zetu wamefundishwa kuviamini kuliko vinavyostahili. Vitabu vingi huja na alama ya rangi au namba inayosema hiki ni cha mtoto anayeanza, hiki ni cha anayeendelea. Shirika la Room to Read hutumia rangi. Kwenye mtandao, StoryWeaver ya Pratham Books hutumia namba 1 hadi 4. African Storybook hupanga kuanzia maneno ya mwanzo na sentensi za mwanzo, kupanda hadi aya ndefu na vitabu vya kusomewa kwa sauti. Zinasaidia kuanzia. Lakini mahali ambapo kiwango kimepangwa kwa kuhesabu maneno katika lugha ya asili, hesabu hiyo haikubali kuhamishiwa kwetu. Kiswahili hubeba mzigo mkubwa ndani ya neno moja. Sentensi isemayo "Hatukumsikiliza" ni neno moja tu, lakini kwa mtoto wa darasa la kwanza ni silabi nane na mambo manne ya kufumbua: nani, lini, nani tena, na kwamba jambo lenyewe halikufanyika. Wakati huohuo sentensi ya maneno sita, "Mama ana kuku, kuku ana mayai," inapita kama maji. Kwa hiyo nikipima kitabu cha mtoto anayeanza sihesabu maneno yaliyo kwenye ukurasa. Natazama urefu wa neno lililo refu kuliko yote, nahesabu vitenzi vyenye ukanushi au vilivyomeza mtendwa ndani yake, na natazama kama konsonanti zilizorundikana, kama mbw na nyw, zimekuja kabla mtoto hajatulia na silabi nyepesi. Uzuri wa Kiswahili ni kwamba herufi zake haziwahadai watoto. Wanachokiona ndicho wanachokitamka. Mtoto akishashika silabi anaweza kutamka karibu kila neno. Hapo ndipo mwalimu anapohadaika, akisikia mtoto anatamka vizuri akadhani anaelewa.

Ndiyo maana katika hatua hiyo naanza na maneno ambayo tayari yako vinywani. Vitendawili ni hazina ambayo haigharimu shule kitu. Kata manila vipande vipande, andika kitendawili upande mmoja na jibu upande wa pili. "Nyumba yangu haina mlango" ni maneno manne. Mtoto anayajua, jibu analijua, na anapoyasoma macho yanafuata kile ambacho ulimi umeshazoea. Watoto wawili wawili wanategana kwa kadi hizo, mmoja anasoma, mwingine anajibu kisha anageuza kuhakikisha. Darasa lenye watoto mia linaweza kufanya hivyo bila kitabu hata kimoja.

Na kuna hadithi za mnyororo. Ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote ni ile ya Goso, mwalimu aliyewafundisha watoto kusoma chini ya mbuyu, mpaka siku buyu lilipomwangukia akafa. Wanafunzi wakatoka kumtafuta aliyemuua mwalimu wao, wakaanza na upepo. Upepo ukajitetea kwamba kama ungekuwa na nguvu hivyo ukuta usingeuzuia. Wakaenda kwa ukuta, ukuta ukamtaja panya, panya akamtaja paka, na mnyororo ukaendelea kwa kamba, kisu, moto, maji, ng'ombe na inzi mpaka ukafika kwa paa. Hadithi hii ilisimuliwa Unguja, na Edward Steere akaichapisha katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870, kwa hiyo haina mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Mwalimu anaweza kuiandika upya kwa maneno yake kwenye karatasi kubwa, ukurasa mmoja kwa kila kiungo cha mnyororo. Kila ukurasa unarudia sentensi ileile na kubadilisha jina moja. Mtoto anayesuasua anashika sentensi kufikia ukurasa wa tatu. Kufikia wa tano anasoma. Yule aliyekwisha kuelea anafurahia swali zito lililofichwa humo, kwamba kila mwenye nguvu yuko mwenye nguvu kumzidi. Sijaona kitabu kingine kinachowatosha wote wawili kwa saa moja.

Sasa nirudi kwenye swali langu la mwisho. Mwalimu aliyenitajia hadithi ya utotoni kwake huwa tayari ameshaanza kuisimulia kabla sijamwomba. Mikono inainuka, sauti inabadilika. Mmoja, kijana aliyetoka chuoni karibuni, aliniambia: "Shikamoo mama, mimi hadithi sina, sisi tulikulia bwenini." Nikamwitikia marahaba, nikamwuliza kama hakumbuki chochote alichokisoma darasa la pili au la tatu. Akanyamaza kidogo, halafu akamtaja Abunuwasi, na dakika kumi zilizofuata sikupata nafasi ya kusema. Nilimpa kitabu cha Hekaya za Abunuwasi siku hiyohiyo. Watoto humsikia mwalimu anayesoma anachokipenda, na humsikia vilevile anayesoma kwa sababu ratiba inasema asome. Kwa hiyo napendekeza kitabu kwa mwalimu kwanza akiwa msomaji. Asipokifurahia yeye, nambadilishia, hata kama mimi nakiona bora.

Vitabu vyenyewe vinatoka wapi? Tuna bahati ya kuwa na wachapishaji wa nyumbani waliojitoa. Mwaka 1991 uliona mambo mawili makubwa: Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota jijini Dar es Salaam, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza kazi. Mradi huo nausifu kwa utaratibu wake. Uliwafunza waandishi na wachoraji wetu, ukamsaidia mchapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni, naye akauza zilizobaki. Mchapishaji hakuogopa hasara, shule ilipata vitabu, na mwandishi wa Kiswahili aliona kazi yake mikononi mwa watoto. Vitabu vingi vya zamani vilivyotoka kwa njia hiyo bado viko kwenye makabati ya shule, vimefifia majalada lakini Kiswahili chake ni kizima. Namwambia kila mwalimu aanze kwa kufungua kabati la shule yake kabla ya kuomba fedha ya vipya. Kutoka E & D Vision, nyumba ya uchapishaji iliyoanzishwa na Elieshi Lema na Demere Kitunga, nawatajia walimu wa madarasa ya kati kazi za Elieshi Lema, kuanzia Safari ya Prospa. Anaandika kwa ajili ya mtoto bila kumdharau.

Maktaba ya mkoa watu wengi huisahau. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967, na mikoa nayo ina maktaba zake. Nenda na watoto wachache Jumamosi. Waone chumba kilichojaa vitabu. Wengine hawajawahi kukiona.

Kisha kuna hadithi za bure kwenye mtandao, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo walimu wetu wanapoweza kufanya kazi kubwa kuliko wanavyodhani. African Storybook ilianzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. StoryWeaver ilizinduliwa na Pratham Books ya India mwaka 2015. Zote mbili zina hadithi nyingi za Kiswahili zenye michoro, unazipakua kwa simu na kuzichapa stesheneri. Ubora wa Kiswahili chake unapanda na kushuka. Baadhi zimeandikwa na walimu wa Afrika Mashariki wenyewe na zinasomeka kwa raha. Nyingine ni zile tafsiri nilizozilalamikia hapo juu. Lakini leseni yake inaruhusu kitu ambacho kitabu cha dukani hakiruhusu: unaweza kurekebisha maandishi, mradi majina ya mtunzi na mchoraji yabaki na useme kwamba umebadilisha.

Tumelifanya hilo katika vikao vya MEWAKA, yale Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini ambayo walimu hukutana shuleni kwao. Tunachukua hadithi moja yenye picha nzuri na Kiswahili kigumu. Mwalimu mmoja anaisoma kwa sauti, wengine wanainua mkono kila sikio linapokwaruzwa. Tuseme ukurasa umeandikwa: "Ilikuwa ni siku nzuri ya jua. Neema alikuwa na furaha sana kwa sababu alikuwa anakwenda kwa nyanya yake." Mikono inainuka. Tunajadili, tunafuta, mwalimu mwenye umri mkubwa kuliko wote anaombwa aisimulie kwa mdomo kama angekuwa nyumbani, na mwingine anaandika anachosikia. Tunabaki na: "Jua likawaka. Neema akachukua kikapu chake, huyoo, kwa bibi!" Maneno yamepungua, hadithi imeondoka mahali. Tunachapa, tunakunja karatasi katikati, tunashona kwa uzi. Kikao kimoja kinatoa vijitabu vya kutosha kundi la watoto, na walimu wanatoka wakiwa wamejifunza kusikiliza sentensi, jambo ambalo hakuna aliyetufundisha chuoni. Namna hiyohiyo hutumika kwa hadithi ambazo watoto wenyewe wanazisimulia. Mwalimu anaziandika kwenye bango kitita vilevile walivyozisema, kisha wanazisoma. Kwa watoto wa Kigogo wanaoanza Kiswahili, hadithi iliyosimuliwa kwa lugha ya nyumbani ikaandikwa kwa Kiswahili na darasa zima ndiyo kitabu chao cha kwanza kilicho bora.

Lipo jambo linalowatia walimu hofu, nalo nalisema waziwazi. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 kutumika shuleni kwa sababu za maadili, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwamo. Wazazi wengi waliunga mkono, na mimi naamini mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anasomewa nini. Lakini baada ya tangazo hilo niliona makabati yakifungwa, hata yenye vitabu vya sungura na fisi ambavyo hakuna aliyevitilia shaka. Mwalimu anaona ni salama zaidi kutotoa kitabu chochote. Namwambia hivi: kitabu cha ziada unachotaka kununua, uliza kwanza kama kina ithibati, na mwombe muuzaji akuonyeshe. Kijitabu ulichochapa mwenyewe kutoka mtandaoni, kipeleke kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wakisome kabla hakijaingia darasani. Na kila kitabu, hata chenye mihuri yote, kisome chote mwenyewe, kuanzia jalada hadi jalada. Ukifanya hivyo una majibu kwa mzazi yeyote na kwa mkaguzi yeyote, na kabati linaweza kufunguliwa.

Kuhusu ufunguo sina maneno mengi. Ukae kwa mwalimu aliye karibu na watoto, na vitabu vitoke. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimeshalipa bei yake. Kilichobaki kipya miaka mitano ndicho kilichopotea. Shule inayoogopa wizi naishauri ichague viranja wawili wa vitabu, mvulana na msichana, wenye daftari la kuazima. Wanalilinda kwa bidii ambayo watu wazima hatuna.

Kwa madarasa ya juu, la tano hadi la saba, shida hugeuka. Kusoma wanaweza, hamu ndiyo imekufa, kwa sababu kila walichosoma kimeishia kwenye maswali kumi. Hapo nataka vitabu vyenye matata. M. M. Mulokozi aliandika Ngome ya Mianzi na Moto wa Mianzi akiwapeleka vijana kwenye vita vya Wahehe dhidi ya Wajerumani, katika zama za Mkwawa. Mwalimu wa Maarifa ya Jamii na mwalimu wa Kiswahili wakivisoma pamoja na darasa, mwaka 1894 ilipoanguka ngome ya Kalenga unaacha kuwa tarehe ya mtihani. Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, iliyoshinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, inawahusu wavulana wenye ndoto ya kufika Amerika, na hakuna kijiji changu ambako ndoto hiyo haipo. Alfu Lela U Lela iliyotafsiriwa na Hassan Adam ni ya kusomewa kidogokidogo kila Ijumaa, ikikatwa pale ambapo darasa litalalamika. Mwalimu ajiandae kukata. Ndiyo sanaa yenyewe.

Pengo kubwa ninaloliona kila siku ni vitabu vya maarifa kwa mtoto mdogo wa Kiswahili: mchwa hujengaje kichuguu, mvua hutoka wapi, kwa nini mbuyu hunenepa hivyo. Hadithi tunazo, japo hazitoshi. Vitabu vya kujibu maswali ya mtoto wa miaka minane kwa Kiswahili chepesi na picha za kweli ni vichache mno, na watoto wengine, hasa wale wasiovutiwa na sungura mjanja, wangesoma hivyo usiku na mchana. Katuni za Ubongo Kids zimejaza sehemu ya pengo hilo kwenye televisheni na redio, na Akili and Me inawafaa wadogo wa awali; walimu wenye umeme nawaambia wazitumie, kisha waandike ubaoni maneno matano waliyoyasikia. Lakini waandishi wetu waliopo, nawaomba kwa moyo wote, geukieni mchwa na mvua.

Mwalimu anapoondoka na vitabu namwomba mambo mawili tu ya kuniletea mwisho wa muhula: ukurasa ambao watoto waliomba urudiwe, na ukurasa ambao walianza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Majibu hayo yamenifundisha kuliko semina zote. Yamenionyesha, kwa mfano, kwamba shauri tunalolirudia kila mara, la kumpa mtoto kitabu cha mazingira yake, lina mpaka. Katika vijiji vya Bahi, ambako mvua ni chache na bahari watoto wanaijua kwa jina, kitabu kilichoombwa kurudiwa zaidi kilikuwa cha wavuvi, na ukurasa wenyewe ulikuwa wa pweza aliyejificha kwenye jiwe la mwamba akibadilisha rangi. Watoto walitaka kujua ana mifupa au hana. Mwalimu akauliza kwa simu mwenzake wa Tanga, akapata jibu kwamba hana, akawaandikia ubaoni, nao wakalinakili bila kuamriwa. Lakini kitabu kuhusu mbuzi, ambacho nilikuwa na imani nacho sana, kiliwafanya wazungumze wenyewe kwa wenyewe kuanzia ukurasa wa pili. Mbuzi wanawajua, walikuwa na mengi zaidi ya kusema kuwahusu kuliko mwandishi.

Kwa hiyo mwalimu wa Kongwa aliyenipigia wiki iliyopita akiomba orodha ya darasa la tatu, nilimuuliza maswali yangu, kisha nikamtajia cha pweza kwanza, cha Goso cha kuandika mwenyewe, na Abunuwasi kwa ajili yake.